Bosi anataka kufuta chai ya saa nne? Kwetu ilijaribiwa

Mkuu, umeuliza kama ofisi ikifuta chai ya saa nne na kuleta mashine ya kahawa watu watazoea. Kwetu ilijaribiwa. Nipo uhasibu, Posta, Dar.

Bosi wako aelewe kwanza kwamba ile ndiyo staftahi. Mtu wa Chanika au Mbagala anatoka kwake giza bado totoro, awahi gari, tumbo tupu. Saa nne ndiyo anakula: chapati mbili, wengine na maharage kabisa, na kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi. Ukimpa kahawa ya mashine atashuka chini kwa mama ntilie, na huko foleni ipo na stori zipo. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: koti limetundikwa kwenye kiti, mwenyewe hayupo, mteja anaangalia saa. Mashine ikabaki ya wageni. Sisi wapenda kahawa tulikuwa na kopo letu la Africafe, hatukudai kitu.

Kama anataka kurekebisha, aanze na sukari. Bakuli ni moja, kila mtu anachovya kijiko kilicholowa, sukari imeganda mabonge ya kahawia, na bado watu wanapiga vijiko vinne. Kijiko cha chai kina gramu kama 4 kikiwa hakijajazwa. Shirika la Afya Duniani linasema ukiweza usizidi gramu 25 hivi kwa siku, sasa hapo umeshafika 16 na soda ya mchana haijafunguliwa. Mimi nilishuka taratibu hadi kimoja. Tangawizi ikikolea huoni tofauti.

Kahawa nayo ina muda wake. Masaa matano hivi baada ya kunywa, nusu ya kafeini, ile inayofukuza usingizi, bado imo mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni unalala nacho. Wanaofunga hesabu za mwisho wa mwezi wananielewa. Na mwenye upungufu wa damu asishushie chakula kwa chai, inapunguza madini ya chuma yanayofyonzwa.

Kuhusu gharama, tunachanga mwezi ukianza. Hela anashika mama anayechemsha, sio sisi wahasibu, maana yeye ndiye anajua majani yameisha lini. Asiyetoa, jina linabandikwa mlangoni mwa jiko, cheo hakiangaliwi. La mkurugenzi liliwahi kukaa pale mpaka akamtuma dereva na noti.