Maswali na majibu: Gemu limeuza, lakini pesa iko wapi?

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaotengeneza magemu peke yao, au wawili watatu, na kuyauza kwenye maduka ya mtandaoni kama Steam, itch.io na Epic Games Store. Karibu zote zinahusu namba za kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa takwimu za mauzo, na namna ya kuzisoma. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu nimeona watu wakiacha ajira kwa kutegemea pesa ambayo haikuwa yao.

Dashibodi ilionyesha gemu langu limeingiza dola 8,000 mwezi wa kwanza. Benki zimeingia dola 3,990. Nani kachukua zilizobaki?

Hujaibiwa, ndugu yangu. Ulichokiona ni mapato ghafi, yaani kila kilichotoka mfukoni mwa wanunuzi kabla ya chochote kukatwa. Tuishushe namba hiyo ngazi kwa ngazi, kwa makadirio.

Kwanza ondoa pesa walizorudishiwa wateja, tuseme 700. Kisha ondoa kodi za mauzo. Katika nchi za Ulaya, bei anayoiona mteja tayari ina VAT ndani yake, na duka ndilo huikata na kuiwasilisha serikalini, tuseme 900. Zimebaki 6,400, na hapo ndipo duka linapochukua fungu lake. Kwa Steam ni asilimia 30, ambayo hushuka hadi 25 kwa mauzo yanayozidi dola milioni 10 na hadi 20 yakizidi milioni 50. Kwako ni 30, sawa na dola 1,920. Zimebaki 4,480.

Bado hatujamaliza. Kwa asiye mkazi wa Marekani, fungu linalotokana na wanunuzi wa Marekani hukatwa kodi ya zuio, na kiwango chake ni asilimia 30 kama nchi yako haina mkataba wa kodi unaokishusha. Iwapo dola 1,500 kati ya hizo 4,480 zilitoka huko, zinaondoka 450. Zimebaki 4,030. Toa gharama za benki za kupokea fedha kutoka nje, na tumefika pale pale ulipo.

Fungua tena ile fomu ya kodi uliyoijaza haraka siku ya kufungua akaunti, maana ndiyo inayoamua kiwango utakachokatwa. Kumbuka pia kwamba Steam hulipa mauzo ya mwezi mmoja mwishoni mwa mwezi unaofuata. Ukilinganisha mauzo ya leo na salio la benki la leo, unalinganisha miezi miwili tofauti.

Kwa hiyo, zana yoyote ya uchambuzi wa mauzo iulize kwanza: ile namba kubwa ya juu imeshakatwa nini? Kama haiwezi kukutenganishia mapato ghafi, marejesho, kodi na fungu la duka, haitakusaidia kupanga kodi ya nyumba. Na ukiwa na maduka mawili jambo hili linazidi kuwa kubwa. Epic ilianza mwaka 2018 ikichukua asilimia 12, na itch.io humwachia mtengenezaji achague mwenyewe, 10 ikiwa ndicho kiwango cha kawaida. Dola 1,000 ghafi za duka hili si sawa na dola 1,000 ghafi za duka lile.

Asilimia 14 ya wanunuzi wangu wamerudisha gemu. Nimeharibu?

Inategemea walirudisha kwa nini, na hilo unaweza kulijua. Steam humruhusu mteja kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 tangu anunue, ilimradi amecheza chini ya saa 2. Anapoomba, huchagua sababu na anaweza kuandika maelezo, na maelezo hayo unayapata kwenye Steamworks, sehemu ya Steam ya watengenezaji wa magemu. Yasome moja moja. Watu 30 wakisema gemu halifunguki au linakwama, hilo ni tatizo la kiufundi na unaweza kulitibu wiki hii. Wakisema halikuwa walivyotarajia, trela na picha za ukurasa wako zimeahidi gemu lingine.

Angalia pia urefu wa gemu lenyewe. La saa moja na nusu linaweza kumalizwa na kurudishwa na mtu aliyelipenda kabisa. Hilo linauma, lakini si dalili ya ubovu.

Nataka kutengeneza gemu la kujenga miji. Nitajuaje magemu kama hayo yameuza nakala ngapi?

Kwa uhakika hutajua, kwa sababu Steam haitangazi mauzo ya watu wengine. Kuanzia mwaka 2015 Sergey Galyonkin aliendesha SteamSpy, ambayo ilikadiria mauzo kwa kuchukua sampuli ya akaunti za wachezaji zilizokuwa wazi. Aprili 2018 Valve, kampuni yenye Steam, ilibadili mipangilio ya faragha ili orodha ya magemu ya kila mchezaji ifichwe tangu mwanzo, na njia ile ikakatika.

Kilichobaki ni kukadiria kwa idadi ya maoni ya wachezaji, njia inayojulikana kwa jina la Boxleiter. Unachukua idadi ya maoni na kuizidisha. Wengi hutumia kati ya 30 na 50. Gemu lenye maoni 240 linakuwa limeuza, kwa makisio, kati ya nakala 7,200 na 12,000. Ona pengo lilivyo pana! Na ukweli unaweza kuwa nje ya pengo hilo, kwa sababu aina ya gemu, umri wake na bei yake vyote hubadilisha kiwango cha watu kuandika maoni. Huduma za kulipia za makadirio huongeza vigezo vingine juu ya huo msingi, lakini bado ni makadirio.

Kuna mtego mwingine ambao nauona mara kwa mara: mtu anachukua nakala 10,000, anazidisha kwa bei ya dukani dola 15, anapata 150,000 na kuanza kuota. Wanunuzi wengi walisubiri punguzo, na wengine wako katika nchi ambazo bei imewekwa chini. Wastani uliolipwa kwa nakala moja huwa chini sana ya bei ya dukani, na baada ya hapo zinakuja zile ngazi za swali la kwanza.

Kwa hiyo tumia makadirio kujua ukubwa tu: je, magemu ya aina hii huuza mamia, maelfu au makumi ya maelfu? Na usitazame mawili yaliyovuma peke yake. Orodhesha yote ya aina hiyo yaliyotoka katika miaka miwili iliyopita, uyapange kwa idadi ya maoni, kisha ulitazame la katikati. SteamDB itakuonyesha pia historia ya bei za kila moja na idadi ya wanaocheza kwa wakati mmoja.

Nilipie zana ya uchambuzi au lahajedwali (kama la Excel) linatosha?

Gemu moja kwenye duka moja, lahajedwali linatosha. Ripoti za Steamworks ni za bure na zina zaidi ya unavyoweza kutumia: mauzo kwa nchi, marejesho, mahali wageni wa ukurasa wako wanakotoka. Zana ya kulipia inaanza kuwa na maana ukiwa na magemu kadhaa kwenye maduka kadhaa, kwa sababu kila duka lina faili lake, majina yake ya safu na namna yake ya kufunga mwezi, na hata siku ya duka moja haianzi saa ile ile na ya duka lingine. Kuziunganisha kwa mkono kila mwezi ni kazi ya kuchosha na makosa hayakosi.

Ila kuna kitu ambacho hakuna zana itakayokufanyia, na mimi nilikijua kwa kuchelewa: daftari la matukio. Mwaka mmoja mauzo yangu yalipanda ghafla siku ya Alhamisi. Wiki hiyo nilikuwa nimeweka trela mpya, nikaisifu, nikatumia miezi miwili kutengeneza nyingine ya mtindo ule ule. Haikuleta kitu. Baadaye sana nikagundua kuwa Alhamisi ile mtiririshaji mmoja, yaani mtu anayecheza magemu mubashara mtandaoni, alicheza gemu langu mbele ya watazamaji wake. Sikuwa nimeandika popote. Tangu hapo kila jambo lina tarehe yake: sasisho limetoka, bei imebadilika, fulani katuandika, punguzo limeanza. Ukichagua zana, chagua inayokuruhusu kubandika maelezo hayo juu ya grafu.

Zana niliyoipenda inataka jina na nywila ya akaunti yangu ya duka. Nimpe?

Usimpe, dada. Akaunti hiyo inaweza kubadili bei, kufuta faili na kugusa taarifa za benki. Huduma nzuri itakuomba ufunguo wa API (msimbo unaoiwezesha programu moja kuchukua taarifa kwenye nyingine) wenye ruhusa ya kusoma tu, au itakubali faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) ulilolipakua mwenyewe. Kama lazima aingie mtu, mfungulie mtumiaji wake kwenye Steamworks, mpe ruhusa ya kuona ripoti za mauzo pekee, na umwondoe siku mnapoachana.

Nina watu 6,000 waliohifadhi gemu langu kwenye orodha ya matamanio. Nitauza ngapi siku ya kutoa?

Usiizidishe namba hiyo kwa asilimia uliyosikia kwa mtu. Watu 6,000 waliojikusanya polepole kwa miaka mitatu si sawa na 6,000 waliokuja wakati wa Next Fest, tamasha la Steam la magemu yajayo, baada ya kucheza demo yako, yaani kipande cha bure cha kuonja. Wa kwanza wengine wameshasahau. Steamworks inakupa orodha hiyo kwa siku: walioongeza, waliofuta, walionunua. Inakuonyesha pia, kwa kila mwezi watu walipojiunga, ni sehemu gani yao hatimaye walinunua. Kama una gemu la awali, kiwango cha hilo ndicho kipimo chako bora.

Orodha hiyo ina thamani hata baada ya siku ya kutoa. Steam huwatumia barua pepe walio ndani yake gemu linapotoka, na tena kila linapowekwa punguzo la asilimia 20 au zaidi. Punguzo la asilimia 15 halitumi barua hiyo, na nimeona watu wakilichagua bila kujua.

Kila nikiweka punguzo nakala zinaruka. Niweke kila mara?

Steam yenyewe itakuzuia. Punguzo moja likiisha lazima upite karibu mwezi mmoja kabla ya lingine, isipokuwa kwenye sherehe kubwa za msimu. Lakini hesabu pesa, na hesabu wiki zinazofuata pia. Tuseme kwa kawaida unauza nakala 5 kwa siku kwa dola 10, yaani 350 kwa wiki. Ukipunguza nusu kwa wiki moja, unauza 25 kwa siku kwa dola 5, yaani 875. Umezidi kwa 525. Halafu kwa wiki mbili zinazofuata unauza nakala 3 kwa siku badala ya 5, kwa sababu waliokuwa wakikaribia kununua wameshanunua. Umepoteza 280. Faida ya kweli ni 245. Bado ni faida, ila si ile uliyoisherehekea.

Wiki nzima nimeuza nakala 11. Zana gani itaniambia nimekosea wapi?

Nimeisoma barua yako mara tatu, na nakupa pole. Miaka ya kazi imekaa ndani ya hizo 11.

Kwa namba ndogo hivyo grafu haisemi kitu. Kuuza 1 jana na 2 leo si ongezeko, ni bahati ya siku. Tazama sehemu moja tu ya ripoti, ile ya wageni wa ukurasa wa duka. Kama gemu limeonekana mara nyingi lakini wachache wamebofya, kazi iko kwenye picha ndogo ya jalada na jina. Kama wamebofya wengi na hawakununua, kazi iko kwenye trela, picha na bei. Na kama halikuonekana kabisa, basi watu hawajalikataa, hawajaliona tu.

Halafu waandikie wale 11. Wengine wameacha maoni au wako kwenye Discord yako, yaani ukumbi wako wa mazungumzo mtandaoni. Waulize walilipataje na waliachia wapi kucheza, na uwaombe kwa heshima waandike maoni ya kweli, mazuri au mabaya. Yakifika 10 kutoka kwa walionunua kwenye Steam yenyewe, duka huanza kuonyesha alama ya gemu lako. Ya waliopewa funguo za bure hayahesabiwi kwenye alama hiyo. Mmoja wao akikubali, mwombe acheze huku wewe unatazama, bila kumwelekeza. Kaa na daftari. Andika kila anaposita.