Kosa la Jason Si Machozi: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na swali lililomo nimelisoma zaidi ya mara moja kabla ya kushika kalamu. Unasema umemaliza kuusoma Argonautica, utenzi wa Kigiriki ulioandikwa na Apollonius wa Rhodes katika karne ya 3 KK, na kwamba nahodha wa safari ile amekukatisha tamaa. Jason analia anapoiacha nchi yake, anaduwaa kila shida inapotokea, wenzake wanamzidi nguvu, na ile kazi ngumu kuliko zote anaiweza kwa sababu tu msichana amempa dawa ya kujipaka. "Baba, mtu wa namna hii anastahilije kuitwa shujaa?" Jibu langu ni kwamba unamlaumu kwa mambo ambayo mimi namsifu kwayo, na pale anapostahili lawama umempita bila kumgusa.

Machozi hayatatuchukulia muda. Achilles, shujaa wa Vita vya Troya, analia ufukweni baada ya kunyang'anywa Briseis, mateka wake, na Odysseus, shujaa mwenzake, analia siku nenda siku rudi katika kisiwa cha Calypso, mungu wa kike aliyemzuilia huko, wala hakuna Mgiriki aliyewavua ushujaa kwa sababu hiyo. Tena usidhani kwamba Wagiriki walimtaka shujaa awe mtu mwema ndipo wamheshimu. Heracles, shujaa mwenye nguvu kuliko wote, ambaye masimulizi yao wenyewe yalisema aliwaua watoto wake kwa wazimu, walimjengea mahekalu na kumtolea sadaka. Kwa hiyo swali lako ni letu sisi wasomaji wa leo, na tuna haki ya kuliuliza, mradi tujue kwamba mizani tunayopimia ni yetu.

Kusita kwake nakuona kwa jicho jingine kabisa. Kumbuka kwamba safari hii hakuiomba. Mfalme Pelias, aliyeonywa ajihadhari na mtu atakayemjia akiwa amevaa kiatu kimoja, alimtuma Colchis, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jojia, akalete ngozi ya dhahabu kwa matumaini kwamba angefia njiani. Mabaharia wanapokusanyika katika bandari ya Pagasae, Jason anawaambia wamchague aliye bora miongoni mwao awaongoze, kwa kuwa safari ni yao wote na kurudi ni kwao wote. Macho yote yanamgeukia Heracles, naye anakataa akiwa ameketi palepale, akasema kwamba aliyewakusanya ndiye atakayewaongoza. Wengi husoma tukio hili kama fedheha ya Jason. Mimi naona kwamba Heracles alijua jambo ambalo wenzake hawakulijua, kwamba nguvu zake yeye ni za mtu anayefanya kazi peke yake. Hata kitabu cha kwanza kati ya vinne vya utenzi huo hakijaisha, kijana wake Hylas anapotea huko Mysia, naye Heracles anaitupa safari nzima akimtafuta porini, na meli inang'oa nanga bila yeye kuwamo.

Hapo ndipo penye tukio ambalo kwangu lina uzito kuliko mapigano yote ya kitabu hicho. Telamon, mmoja wa mabaharia, anamgeukia Jason kwa hasira na kumshutumu kwamba amemwacha Heracles makusudi ili asifunikwe na sifa zake. Jason hajibu, anakaa kimya na uchungu ukimla moyoni. Baadaye Glaucus, mungu wa baharini, anatokea na kueleza kwamba Heracles amebaki kwa mapenzi ya Zeus, mkuu wa miungu, na Telamon anaomba radhi. Jason anamjibu kwamba ameumizwa kweli, lakini hataiweka hasira hiyo moyoni, kwa maana Telamon hakugombana naye kwa ajili ya kondoo wala mali, aligombana kwa ajili ya rafiki, naye anatumaini kwamba siku moja atapiganiwa vivyo hivyo. Sasa mlinganishe na Achilles, ambaye kwa hasira ya kuporwa heshima aliwaacha wenzake wauawe mpaka moto ukafika kwenye merikebu. Kama uongozi wa watu ni sehemu ya ushujaa, na kwangu ni sehemu kubwa, basi hapa Jason anamshinda Achilles.

Wanapofika Colchis anaendelea hivyohivyo. Anawaambia wenzake kwamba hitaji ni la wote, na kwamba anayelificha shauri lake peke yake ndiye anayewanyima wote njia ya kurudi. Kisha anapendekeza wajaribu maneno kwa mfalme Aeetes kabla ya nguvu. Habari za Medea, binti wa Aeetes na yule msichana mwenye dawa, zinapoletwa, baharia mmoja aitwaye Idas anapiga kelele kwamba ni aibu kwa wanaume kungoja wokovu kutoka kwa wanawake. Samahani mwanangu, lakini kuhusu msichana na dawa yake umezungumza kama Idas, yule yule aliyejigamba kwamba mkuki wake humsaidia kuliko Zeus. Dawa ile ilimlinda Jason kwa siku moja tu, na mwili uliokwenda kuwafunga nira ng'ombe dume wenye kwato za shaba wanaotema moto, ukalima, ukapanda meno ya joka na kuwakabili watu wenye silaha walioota ardhini, ulikuwa wake. Kusaidiwa hakumwondolei mtu ujasiri.

Ninachomlaumu kimo katika kipaji chake mwenyewe, yaani ulimi. Soma tena mazungumzo yake na Medea kwenye hekalu la Hecate, mungu wa kike wa uchawi, katika kitabu cha tatu. Ili kumshawishi, anamsimulia jinsi Ariadne, binti wa mfalme Minos, alivyomsaidia Theseus, shujaa mwingine wa Kigiriki, na jinsi miungu walivyompenda hata taji lake likawekwa angani kati ya nyota. Anaishia hapo. Kwamba Theseus alimwacha Ariadne kisiwani, hasemi. Medea, ambaye moyo wake tayari umetekwa, anataka kujua zaidi habari za binti huyo, na Jason anamwahidi kwamba wakifika Ugiriki hakuna kitakachowatenganisha ila mauti. Usiku wanaotoroka anaongeza kiapo: Zeus na mkewe Hera wawe mashahidi kwamba atamweka nyumbani mwake kama mke wa ndoa.

Ahadi ni deni, na deni hili linadaiwa mapema. Katika kitabu cha nne, Apsyrtus, kaka yake Medea, anawazibia njia kwa merikebu nyingi, nao mashujaa wetu wanafanya mapatano: ngozi ya dhahabu ibaki kwao, kwa kuwa Aeetes aliahidi kuitoa kwa atakayeyashinda majaribio, lakini Medea awekwe chini ya ulinzi wa mungu wa kike Artemis mpaka mfalme mmoja aamue kama arudishwe kwao. Yaani kitu kimehifadhiwa na mtu amewekwa rehani. Medea anamvuta Jason pembeni, anamuuliza kama mafanikio yamemsahaulisha viapo vyake, na yuko tayari kuichoma meli. Jason, kwa woga, anajibu kwamba mapatano yale ni hila ya kumnasa Apsyrtus. Mshairi hatuambii kama hilo lilikuwa wazo lake tangu mwanzo au limezaliwa papo hapo.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya nimhukumu. Wanamtumia Apsyrtus zawadi za kumlaghai, na miongoni mwake limo joho la zambarau ambalo Jason alipewa na Hypsipyle, malkia wa Lemnos, mwanamke wa kwanza aliyemwacha nyuma katika safari hii. Apollonius anaisimamisha hadithi ili atueleze joho hilo limetoka wapi: lilifumwa kwa ajili ya Dionysus, mungu wa divai, naye aliwahi kulilalia pamoja na Ariadne, ambaye Theseus alikuwa amemtelekeza. Hivyo sehemu ya hadithi aliyoificha Jason hekaluni inarudi ikiwa imefumwa ndani ya nguo, na nguo hiyo inatumika kumwita kaka wa msichana aliyefichwa ukweli huo aje kufa. Apsyrtus anafika usiku kwenye kisiwa cha Artemis akidhani anakwenda kuzungumza na dada yake. Jason anaruka kutoka mafichoni na kumkata kama mchinjaji anavyomkata fahali, mbele ya hekalu, huku Medea akijifunika macho. Kisha anakata ncha za viungo vya maiti, analamba damu mara tatu na kuitema mara tatu, kama walivyofanya wauaji wa hila ili kujisafisha. Zeus mwenyewe anakasirika, na inawabidi waende kwa mchawi Circe kutakaswa.

Utaniambia walikuwa wachache na maadui walikuwa wengi. Ni kweli, na kama angemuua katika vita nisingekuwa na neno. Lakini mtu yule aliyejua kumsamehe Telamon, aliyesema kwamba maneno yatangulie nguvu, ameyafanya maneno yenyewe kuwa mtego, na kitu chema alichokuwa nacho kuliko wenzake ndicho alichokiharibu.

Hata ndoa aliyoiapia inafungwa kwa kulazimishwa na mambo: mfalme Alcinous anaamua kwamba Medea atarudishwa kwa baba yake ikiwa bado ni bikira, basi wanaharakisha kuoana pangoni usiku uleule, ilhali wote wawili walitamani ndoa hiyo ifungwe nyumbani kwa baba yake Jason. Wasomaji wa Apollonius walijua pia mwisho wake, kwa maana karibu miaka 200 kabla yao, mwaka 431 KK, mtunzi wa tamthilia Euripides alikwisha kuonyesha jukwaani huko Athens jinsi Jason alivyomwacha Medea ili amwoe binti wa mfalme wa Corinth. Utenzi wenyewe unakoma meli inapogusa Pagasae, bila neno moja juu ya hayo.

Kwa hiyo, ukiniuliza mimi, Jason ni shujaa katika vitabu vitatu vya kwanza, tena wa aina adimu, na ushujaa huo anaupoteza katika kisiwa cha Artemis. Baada ya hapo anabaki nahodha hodari: kule Libya, kabla mabaharia hawajaibeba meli mabegani siku 12, usiku na mchana, bado anawashirikisha wote katika kulifumbua agizo alilopewa na miungu wa nchi ile. Hilo namhesabia, ila halimlipi Apsyrtus wala Medea.

Kama unaona nimemwonea, rudia lile tishio la Medea la kuichoma meli, kisha uniambie kama unaliamini jibu alilopewa. Mimi siliamini.

Wako akupendaye,
Baba