Kabla ndugu yako hajasaini kukiri kosa

Ninatetea washtakiwa wa kesi za mauaji, na swali ninaloulizwa sana na familia zao ni hili: "Wakili, akikubali kosa atatoka lini?" Tarehe sina. Anayekutajia tarehe, hasa akiambatanisha na kiasi cha pesa cha "kuwaona wakubwa", anakuibia. Mwogope.

Makubaliano ya kukiri kosa, yaani mshtakiwa anakiri ili apunguziwe shtaka au adhabu, yaliingizwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania mwaka 2019. Mshtakiwa, wakili wake au upande wa mashtaka anaweza kuyaanzisha wakati wowote kabla ya hukumu. Mahakama inaarifiwa, lakini jaji haingii kwenye mazungumzo. Si kila kosa linaruhusiwa: uhaini, ugaidi na makosa ya kujamiiana dhidi ya mtoto, kwa mfano, yamefungiwa nje.

Kwenye mauaji, tunachoomba kwa kawaida ni shtaka lishuke liwe la kuua bila kukusudia. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa. Kuua bila kukusudia ukomo wake ni kifungo cha maisha, na chini ya hapo jaji anapima mwenyewe.

Hapo ndipo familia hushangilia, na hapo ndipo mimi huanza kusoma kwa makini. Shtaka likishashuka, kinachobeba adhabu ni maelezo ya tukio ambayo mshtakiwa atayakiri. Chukua ugomvi wa kilabuni. Karatasi moja inasema mshtakiwa "aliokota fimbo iliyokuwa pale, akampiga marehemu." Nyingine inasema "alikwenda nyumbani, akarudi na fimbo, akaendelea kumpiga baada ya kuanguka." Kosa ni lile lile, lakini jaji akisoma ya pili anaona mtu aliyepata nafasi ya kutulia na hakutulia. Mtu aliyechoka na mahabusu anaitikia yote mawili. Nimekataa kusaini mpaka mstari mmoja wa namna hiyo uondolewe, na ningekataa tena.

Siku ya mahakamani jaji atamuuliza mshtakiwa kwa kiapo kama ameingia makubaliano hayo kwa hiari yake, na atamweleza anachokiacha: kesi haitasikilizwa, mashahidi hawatahojiwa, na rufaa itabaki kwenye ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Kama hakuua, asikiri, hata kesi ikiwa imekaa miaka. Nalisema hili hata kwa mama anayelia mbele yangu, ingawa najua uzito wake.

Ila kama kweli alifanya, mkienda kumwona gerezani msimwambie "kubali tu yaishe." Mwacheni asimulie tukio kwa maneno yake, tangu ugomvi ulipoanza. Kisha mwombeni wakili awasomee maelezo yaliyoandikwa, sentensi kwa sentensi, kwa lugha mnayoielewa. Panapotofautiana, pasisainiwe. Mwambieni pia wakili aiombe mahakama izingatie miaka ambayo ameshakaa mahabusu.