Mokasini za shanga kwa mtoto: pitisha kidole kwanza

Dada, umeuliza kama mokasini (viatu laini vya ngozi) za shanga ulizoziona Niagara Falls zinamfaa mwanao wa miezi kumi, na utazijuaje za Wahaudenosaunee halisi, yaani wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini wanaoitwa pia Iroquois.

Pitisha kidole juu ya ua la shanga lililoshonwa kwenye kiatu. Ushonaji wao maarufu una mwinuko: mshonaji hutunga shanga nyingi kuliko nafasi iliyopo, basi mstari unakosa pa kulala na kujikunja kama upinde. Mara nyingi ua hukaa juu ya mahameli iliyoshonewa kwenye ngozi laini ya kulungu, na kama ngozi imefukizwa, harufu ya moshi utaisikia mapema. Ukikuta gundi, achana nazo. Muulize muuzaji nani kashona na ni wa taifa gani, wala usione haya. Wanawake wa Tuscarora, mojawapo ya mataifa ya Wahaudenosaunee, wanauza shanga zao eneo hilo tangu karne ya 19.

Mtoto wa umri huo kila kitu ni mdomoni, kwa hiyo mvishe ukiwa naye tu, na asilale nazo. Zivute shanga kidogo kila mara kabla ya kumvisha, uone kama kuna iliyolegea. Usizifue kabisa! Zikichafuka, futa kwa kitambaa kikavu.