Umeme katika michezo ya wachezaji wengi: maswali na majibu

Ninatengeneza mchezo wa kuiga viwanda. Je, ni lazima nikokotoe volti, ampea na ukinzani wa kila waya?

Si lazima, na kwa mchezo wa aina hiyo nakushauri usianze huko. Factorio, mchezo wa kampuni ya Wube Software ya Prague ambao toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2020, hauna volti wala ampea: nguzo zote zilizounganishwa kwa nyaya huhesabiwa kuwa gridi moja, na katika kila hatua ya mchezo nishati inayopatikana hulinganishwa na ile inayohitajika. Volti inastahili kuingizwa pale tu ambapo itamlazimu mchezaji kufanya uamuzi, kama vile kujenga njia ya msongo mkubwa na transfoma ili kufikisha umeme mbali.

Mahitaji yakizidi uzalishaji, nizime gridi yote au nipunguze kasi ya mashine?

Hapa ndipo tabia ya mchezo wako itakapoamuliwa. Katika Satisfactory, mchezo mwingine wa kujenga viwanda, fyuzi hukatika na gridi nzima huzimika mpaka mchezaji airudishe. Katika Factorio, mashine hupunguziwa kwa uwiano: gridi yenye megawati 60 ikidaiwa megawati 80, kila mashine hupata asilimia 75 ya haja yake na hufanya kazi polepole. Njia hii ya pili inaonekana ya upole, lakini ina mtego, kwa sababu mashine za kuchimba makaa na mikono ya mashine inayoyapakia kwenye boila nayo hutumia umeme. Ikipungua kasi, makaa hupungua, mvuke hupungua, na upungufu hujizidisha wenyewe hadi gridi ife. Ndiyo maana Factorio ina mikono inayoendeshwa kwa kuchoma makaa yaleyale inayoyabeba. Usitoe mchezo wako kabla hujahakikisha kwamba gridi iliyokufa kabisa inaweza kuwashwa tena bila umeme.

Kwa wachezaji wengi mimi hupendelea njia ya tatu, ambayo wasomaji wengi wanaijua kwa jina la mgao: kila tawi la gridi lipewe daraja, na upungufu ukitokea matawi ya daraja la chini yakatwe kwanza, huku yale yanayolisha mitambo ya kufua umeme yakikatwa mwisho. Pamoja na hayo, kila tawi liwe na mita inayosomeka na wote. Mtu akiwasha tanuri kubwa upande wa mashariki na kiwanda cha mwenzake wa magharibi kikazorota, wote wawili wanapaswa kuiona sababu papo hapo, la sivyo watalaumiana kwa jambo ambalo mchezo wenyewe ndio uliolificha.

Mchezaji aking'oa nguzo, nitajuaje kama gridi imegawanyika?

Kuunganisha ni rahisi: gridi ndogo huchukua namba ya ile kubwa. Katika kutenganisha, anza kwenye nguzo zilizokuwa jirani ya ile iliyong'olewa, utembee nyaya za kila moja kwa zamu, kila nguzo ikiwa na msafara wake. Misafara ikikutana, gridi bado ni moja. Msafara mmoja ukimaliza nguzo zake bila kukutana na mwingine, huo ndio upande uliojitenga, upewe namba mpya. Kazi hii ifanyike nguzo inapobadilika tu, si katika kila hatua.

Hesabu ifanywe na seva au na kompyuta za wachezaji wote?

Factorio huiga dunia nzima ya mchezo katika kila kompyuta mara 60 kwa sekunde na kutuma vitendo vya wachezaji tu, kwa hiyo majibu lazima yalingane kabisa. Namba za desimali katika kompyuta hutoa majumlisho yanayotofautiana kidogo mpangilio wa kujumlisha unapobadilika, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuwatenganisha wachezaji, kila mmoja akaona dunia tofauti. Ukifuata njia hii, tumia namba nzima za jouli: mashine ya kilowati 150 hula jouli 2,500 kwa kila hatua, na baki la mgawanyo ligawiwe kwa kufuata namba za mashine. Ukiiachia seva peke yake, tuma kwa kila gridi uzalishaji, mahitaji na akiba tu. Mengine kompyuta ya mchezaji itayapata yenyewe.

Niweke betri kiasi gani kwa paneli za sola?

Anza na wastani wa siku nzima. Katika Factorio paneli hutoa kilowati 60 mchana, lakini wastani wake ni 42, na betri moja hubeba megajouli 5. Hesabu ya kuvuka usiku hutoa betri 21 kwa paneli 25. Betri zichajiwe kwa ziada pekee, na chaji yake isihesabiwe kamwe kuwa sehemu ya mahitaji, kwa kuwa betri tupu zingezipokonya mashine umeme wakati uleule gridi inapojaribu kuinuka.