Deni la wakala, usingizi hauji: ushauri kwa dada aliye Doha

Pole sana, dada. Umesema unafanya kazi za ndani Doha, mshahara wote unaishia kwenye deni la wakala na karo ya wadogo zako, usiku unalia, na unahofu ushauri nasaha utachukua miezi.

Si lazima. Ulizia PM+ (Problem Management Plus), mpango wa ushauri nasaha wa Shirika la Afya Duniani: vikao vitano, kimoja kwa wiki, kama dakika 90, na mtu aliyefunzwa hata kama si daktari. Ulishajaribiwa Nairobi, na kwa simu ya video pia unawezekana. Utajifunza kupumua taratibu, kisha mtashughulikia tatizo moja linalotatulika. Mimi ningeanza na pesa: andika unachodaiwa, unachotuma, kinachobaki, halafu uwaambie nyumbani ukweli. Kuwaambia ndiko kugumu kabisa, kwa hiyo fanya mazoezi na mshauri kwanza. Ongeeni siku yako ya mapumziko, mbali na masikio ya mwajiri.

Mazungumzo hayafuti deni. Mwajiri akizuia mshahara au pasipoti, nenda ubalozi wa Kenya. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje kikao: mwambie mtu usiku huohuo, au piga 999.