Uliza Fundi: Taa zinacheza, sauti inarukaruka, bodi inajizima

Safari hii karibu barua zote zinatoka kwa wanafunzi na vifaa vyao vya taa na sauti, naona ni msimu wa projekti. Nimechukua tano, ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu shida yake naiona kila kona.

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi ni wanachuo hapa Dar, tunatengeneza boksi la kupigia muziki hewani, yaani unasogeza mkono juu yake sauti inapanda na kushuka na taa zinabadilika rangi. Tuna Arduino Uno (ile bodi ndogo ya kuwekea programu), senso ya umbali ya HC-SR04, baza ya kutoa sauti, na mkanda wa taa 30 za rangi za WS2812B. Sasa tukiwasha zote nyeupe zinageuka rangi ya chungwa, halafu bodi inajizima na kuanza upya. Na sauti inarukaruka hata mkono ukitulia, wakati mwingine inakwaruza. Programu tumeiandika upya mpaka tumechoka. Presentesheni ni wiki ijayo, tunaomba msaada.

JIBU: Marahaba wadogo zangu. Programu iacheni kwanza, anzeni na umeme. Taa moja ya WS2812B ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inakula mpaka miliampea 60, zidisheni mara 30 mnapata ampea 1.8, na nyie mnataka yote hiyo itoke kwenye USB ya laptopu ambayo kwa kawaida ni nusu ampea, tena Uno yenyewe ina fyuzi ya miliampea 500 hapo hapo. Lazima volti zishuke. Na volti zikishuka bluu na kijani ndo wanaumia mwanzo, maana wanataka kama volti 3 kuwaka wakati nyekundu anaridhika na 2 hivi, kwa hiyo nyeupe yenu inabaki na uwekundu mwingi, ndo hiyo chungwa mnayoiona. Zikishuka zaidi bodi nayo inakata.

Tafuteni adapta ya volti 5 yenye ampea 2.5 au 3, umeme wake uende moja kwa moja kwenye mkanda, usipite kwenye bodi. Halafu graundi, yaani upande wa hasi, ya adapta na graundi ya Arduino ziungane. Hapo ndo watu wengi wanakwama, wanaleta adapta nzuri kabisa halafu hawaungi graundi, taa zinapepesa kama zina mapepo, wanarudi kuilaumu programu. Mwanzo wa mkanda wekeni kapasita ya mikrofaradi 1000, angalieni upande wa hasi msigeuze, na kwenye waya wa data pitisheni rezista ya omu 300 mpaka 500. Kama hela ya adapta haipo basi punguzeni mwanga ndani ya programu mpaka robo au chini ya hapo, ndani ya chumba inatosha sana, mwanga wote huo wa nini kwani.

Tuje kwenye sauti. HC-SR04 inatoa mlio wa hezi 40,000 ambao sikio halisikii, inasubiri mwangwi urudi, inakupa muda, ukigawa hizo maikrosekunde kwa 58 unapata sentimita. Ukuta unarudisha mwangwi vizuri, mkono hauko hivyo, vidole vimeachana, kiganja kimeinama kidogo, mwangwi unaenda pembeni na senso inakuletea namba ya ajabu. Pimeni mara tano haraka haraka mchukue namba ya katikati kwa ukubwa. Sio wastani jamani, kwenye wastani namba moja ya kichaa inavuta zote. Pia pulseIn, ile amri ya kusubiri mwangwi, msipoipa kikomo inaweza kusubiri mpaka sekunde nzima, na mtu akipunga mkono kifaa kikakaa kimya sekunde nzima anajua kimekufa anaondoka zake. Ipeni kikomo cha maikrosekunde 6000, hiyo ni kama mita moja, mkono hauendi mbali zaidi ya hapo.

Kukwaruza kunatoka sehemu nyingine. Laibrari ya hizo taa ikituma data inazuia shughuli nyingine za bodi, kama maikrosekunde 30 kwa kila taa, kwa taa zenu 30 inakaribia milisekunde moja, na mlio wa baza unaotolewa na amri ya tone unategemea hizo hizo shughuli zilizozuiwa. Mkituma rangi kila mzunguko lazima usikie mikwaruzo. Tumeni pale tu rangi inapobadilika.

La mwisho ni ushauri wangu tu. Sauti msiiache iteleze kama mbu, majaji watachoka ndani ya nusu dakika. Gawanyeni nafasi ya juu ya boksi vipande vitano, kila kipande na sauti yake, hezi 262, 294, 330, 392 na 440. Sauti hizi tano ukizipiga kwa mpangilio wowote hazigombani, hata mtu ambaye hajawahi kushika ala ya muziki atatoa kitu cha kusikilizika.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia Tanga. Nina wanafunzi 40, bodi tatu, na kipindi kimoja. Niwafanyishe nini ambacho wote watashiriki?

JIBU: Mwalimu, chukua senso ya mwanga, ile LDR, mguu mmoja kwenye volti 5, mwingine kwenye tundu la A0 la bodi, na kutoka A0 rezista ya kilo-omu 10 iende graundi. Bodi itasoma namba kati ya 0 na 1023, mwanga ukizidi namba inapanda. Ongeza baza ilie giza likiingia. Sasa kazi ya wale wasioshika bodi ni kupima: mmoja afunike kwa kiganja, mwingine kwa daftari, mwingine afunge dirisha, wote waandike namba halafu darasa libishane baza lianze kulia kwenye namba gani. Usiwape namba ya kunakili intaneti, chumba chako sio chumba chao. Namba ikicheza karibu na mpaka huo baza litalia na kunyamaza ovyo, hapo wape mipaka miwili, kwa mfano lilie chini ya 300 na linyamaze juu ya 350. Kama shule ina kompyuta na intaneti, Tinkercad ina sehemu ya kuunga saketi kwenye skrini bure kabisa, makundi mengine yaanzie huko wakisubiri zamu.

SWALI: Sasa fundi, niko kidato cha tatu Nairobi. Taa yangu inawaka na kuzima kila sekunde poa tu, lakini nikibonyeza batani ya kubadilisha wimbo mara inasikia mara haisikii. Batani ni mbovu?

JIBU: Batani ni nzima. Umetumia delay, ile amri ya kusubiri, na bodi ikiwa kwenye delay haiangalii batani wala kitu kingine. Tumia millis, yaani kila mzunguko unaangalia saa, ukikuta sekunde imepita unageuza taa, haijapita unaendelea kuangalia batani.

SWALI: Mwanangu amejaza nyaya chumba kizima. Hatapigwa shoti kweli?

JIBU: Mama, kwa volti 5 za USB hatapigwa shoti. Mimi ningeogopa vitu vitatu. Asiunge chochote kwenye umeme wa ukutani bila fundi kusimama pale, hata kama ameona video. Betri za lithiamu za kutoa kwenye laptopu za zamani asizichaji bila saketi ya kuzilinda, zinawaka moto. Na taa za kupepesa zisizidi mara 3 kwa sekunde, kuna watu wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga wa namna hiyo, na siku ya maonyesho huwezi kujua nani yumo ukumbini.

SWALI: Nimenunua Uno Kariakoo, naambiwa ni feki. Laptopu haiioni. Nimepigwa?

JIBU: Sio lazima. Arduino ilianza 2005 kwenye chuo cha usanifu cha mji wa Ivrea, Italia, ili wanafunzi wasio mainjinia wapate bodi rahisi, na jina walilitoa kwenye baa ya pale mjini. Michoro yao waliiachia wazi, kwa hiyo kuiga bodi ni ruhusa, kinachokatazwa ni kubandika jina lao. Nyingi za kuiga zinatumia chipu ya CH340 kwenye USB, na laptopu nyingine zinataka uweke draiva yake. Ila kabla ya hiyo draiva badilisha kebo kwanza, kuna kebo zinachaji tu hazina waya za data ndani, na hizo zimejaa kila nyumba.